Leso ya Mama na Watu wa Agosti

Tulipomaliza kumwosha Mama nilinusa mikono yangu, nikacheka. Wanawake waliokuwa chumbani wakatazamana, na shangazi akanishika bega akidhani msiba umenipanda kichwani. Sikuwa na nguvu ya kumweleza. Harufu ya karafuu maiti iliyobaki vidoleni mwangu ilikuwa ndiyo harufu ya nyumba ya Bi Shamsa siku ya kufunguliwa, na kwa muda mfupi nilikuwa mtoto tena, nimesimama katika sebule ya watu, namtazama Mama akivuta shuka nyeupe kutoka juu ya makochi. Dada yangu Mwanamvua alikuwa upande wa pili wa kitanda akikunja taulo. Hakucheka wala hakuniuliza ninacheka nini. Yeye nyumba ile aliijua kuliko mimi, na ilimgharimu zaidi.

Ilikuwa ndani ya ua mkubwa wa nyumba za mapumziko, kati ya Tiwi na Diani, upande wa bahari. Wenyeji tuliita pale kwa Watu wa Agosti, ingawa walikuja Desemba pia, na wengine Pasaka. Walikuwa matajiri wa Nairobi wa kila rangi: Wazungu waliozaliwa papa hapa nchini, Wahindi, mawakili na madaktari wa bara, na familia chache za Kiislamu zenye asili ya Mombasa ambazo biashara ilizipeleka bara zikanenepa huko. Walijuana wao kwa wao, wakaozana wao kwa wao, na watoto wao waliogelea katika bwawa moja huku bahari nzima iko hatua chache mbele yao. Waliobaki pale mwaka mzima walikuwa askari wa getini, mbega juu ya miti, na watu kama Mama, aliyekuwa mpishi na mtunzaji wa nyumba ya Bi Shamsa tangu kabla sijazaliwa.

Wenyewe wakiondoka, Mama alifunika makochi kwa shuka, akatia vidonge vyeupe vya kufukuza nondo katika kila kabati, akafunga madirisha. Wakikaribia kurudi, alifungua. Harufu iliyotoka humo ilikuwa ileile niliyoinusa siku alipokufa bibi yangu, na kwa akili yangu ya darasa la tatu nikaamua kwamba nyumba za matajiri hufa kila wakiondoka, zikavishwa sanda, na kazi ya Mama ilikuwa kuzifufua. Nilijivunia sana. Wenzangu mama zao waliuza viazi karai na mbaazi za nazi, na wangu alifufua nyumba.

Ua ule ulikuwa na sheria zake ambazo hakuna aliyezisema. Sisi tuliingia kwa mlango wa jikoni. Bwawani hatukufika. Ufuo ni wa kila mtu, lakini ukiketi mbele ya nyumba zile askari alikuja kukuuliza unamtafuta nani. Bi Shamsa hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Alimpa Mama nguo nzuri kila Idi, na mimi aliniita kipenzi chake. Lakini kikombe cha Mama kilikuwa na rafu yake peke yake chini ya sinki, na hakuna siku hata moja kilipochanganywa na vikombe vya wenyewe.

Sasa nimweleze Mama mwenyewe. Alikuwa mkali wa heshima hata majirani wakamtania. Muuza samaki akipiga hodi, Mama hakutoka mpaka leso imefika kichwani. Alijifunika mbele ya ndugu za Baba, mbele ya fundi wa bomba, mbele ya mume wa Bi Shamsa, Mzee Salim, mtu mpole ambaye kila akiingia jikoni alikohoa kwanza mlangoni ili Mama ajitengeneze. Mbele ya mtu mmoja tu hakujishughulisha. Anwar, mtoto wa pekee wa nyumba ile, aliingia jikoni wakati wowote, akafunua sufuria, akaiba kipande cha nyama, na Mama aliendelea kukoroga mchuzi kichwa wazi, nywele zake mbili tatu nyeupe zinaonekana.

Alipokuwa mdogo haikuwa ajabu. Lakini Agosti ninayoikumbuka Anwar alikuwa kijana wa chuo kikuu, mrefu kama mlango, na mimi madrasani nilikuwa nimefundishwa orodha ya wanaume ambao mwanamke hana haja ya kujifunika mbele yao. Niliijua kwa moyo: baba, mwana, kaka, mjomba, ami, na wengine wa damu. Mtoto wa tajiri hakuwamo. Somo la ndugu wa kunyonya tulikuwa hatujalifikia.

"Mama," nikasema siku moja Anwar alipotoka, "Kaka Anwar si ana ndevu?"

"Anazo."

"Na ustadhi amesema mwanamume akishakuwa na ndevu…"

"Huyo ustadhi wako akufundishe pia kumenya vitunguu kimya."

Nilimenya kimya, nikapata jibu langu mwenyewe. Niliona kwamba matajiri na watumishi hawahesabiani. Mtu hajifuniki mbele ya paka. Mama hakumhesabu Anwar kuwa mwanamume, na wao hawakumhesabu Mama kuwa mwanamke, basi kulikuwa na haja gani ya leso? Iliniuma kidogo, lakini nilijiona mwerevu kwa kuligundua jambo ambalo wakubwa hawakulisema.

Mwanamvua na Anwar walikuwa wa umri mmoja. Walicheza pamoja kila likizo tangu wakitambaa, wakatengwa na aibu ya ujana kwa miaka kadhaa, halafu mwaka ule wakapatana upya. Mwanamvua alikuwa amemaliza shule, anamsaidia Mama kufua na kupiga pasi wakati wa wageni. Anwar alimfundisha kutumia kompyuta yake. Mwanamvua akamfundisha kukuna nazi, na bado namwona kijana yule amekalia mbuzi ya nazi, magoti yamemfika masikioni, nazi nusu iko kwenye sinia na nusu imemwagikia suruali nzima. Dada yangu alicheka mpaka akashika ukuta. Walipotembea miambani maji yakiwa yamekupwa, mimi ndiye niliyetumwa kuwafuata, maana msichana hatembei na mvulana peke yake. Nilinunuliwa aiskrimu na kuambiwa nitafute kaa. Nilitafuta kaa kwa bidii.

Jambo la kushangaza lilikuwa Mama. Mwanamke yule ambaye binti yake akichelewa dukani alimngoja uani na ufagio, aliwatazama hao wawili wameketi barazani bega kwa bega, akatabasamu. Sikuwahi kumwona akitabasamu vile. Aliwapelekea juisi ya ukwaju bila kuitwa. Mara moja nilimkuta amesimama nyuma ya pazia la jikoni akiwatazama, machozi yanamtoka, na aliponiona akasema vitunguu, ingawa vitunguu vya siku ile nilikuwa ninavyo mimi.

Kijijini kwetu, nyuma ya barabara kuu, walisema Mama anamuuza binti yake kwa Watu wa Agosti. Lisemwalo lipo, walisema, kama halipo laja. Mwanamvua hakujali. Tulilala kitanda kimoja, na alipenda kuniambia mambo ambayo hakuwa na mwingine wa kumwambia.

"Mama anajua," aliniambia. "Kwani humwoni anavyotutazama? Angekuwa hataki angeshanivunja miguu. Mama ameridhika."

Niliamini. Nani asingeamini? Hivi sasa, mimi mwenyewe nikiwa mama wa mabinti, najua Mama aliona nini pale barazani. Aliona watoto wake wawili. Aliona kaka na dada ambao hawajui kwamba ni kaka na dada, na bado wanapendana, na moyo wake ulijaa kwa sababu alidhani maziwa yake ndiyo yanayowavuta. Haikumpitia akilini kwamba wao hawana habari ya maziwa yoyote. Siri akikaa nayo mtu miaka mingi, husahau kwamba wengine hawaijui.

Desemba iliyofuata Bi Shamsa aliwasili kabla ya wenzake, amekasirika, akamwita Mama chumbani. Mimi nilikuwa nje chini ya dirisha nikiokota kungu. Nilisikia vizuri.

"Mwanangu ataka kumwoa binti yako," alisema Bi Shamsa. "Ameshamwambia babake. Na babake amekubali. Wajua wewe?"

Nilisikia kitanda kikilia, nikajua Mama ameketi juu ya kitanda cha Bi Shamsa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata akitandika.

"Ya Rabi," akasema Mama mwishowe. "Mwambie. Mwambie leo."

"Nimwambie nini? Miaka yote hii, nimwambie nini mimi? Wewe mkataze binti yako. Sema ana mchumba."

"Nifungue kiapo changu, Bi Shamsa. Nakuomba."

"Sikufungui. Uliapa kwa msahafu, mkono wako ulikuwa juu yake. Mkataze tu binti yako, yataisha."

Niliyoyaelewa mimi ni haya: Bi Shamsa hamtaki mtoto wa mpishi, na Mama kwa kuogopa kazi yake amekubali kumsaidia. Kiapo niliona ni cha utumishi, kama askari wanavyoapishwa. Jioni hiyohiyo nilimweleza Mwanamvua kila neno, na maana yangu nikaongeza.

Nyumbani kwetu hapakukalika. Mama alimwambia Mwanamvua haolewi kule. Mwanamvua akauliza sababu. Mama akasema sababu ni kwamba amesema. Baba, aliyekuwa akichonga mawe ya kujengea timboni, mtu wa maneno machache na vumbi jingi, alisikiliza siku kadhaa halafu akaweka kijiko chini.

"Watu wema wanataka kuja kwangu kwa heshima," alimwambia Mama. "Mimi ni nani niwafungie mlango? Una neno, liseme. Huna, kaa kitako uwapikie."

Mama alikuwa na neno. Akakaa kitako, akawapikia.

Walikuja Ijumaa baada ya sala: Mzee Salim, ndugu yake, na Bi Shamsa ambaye hakuwa na namna ya kubaki nyuma bila kueleza sababu. Gari lao halikuweza kupita uchochoroni, wakatembea, na kijiji kizima kikapata kazi ya kufagia nje. Wanaume waliketi barazani na Baba na ustadhi wa msikiti wetu. Mama na Bi Shamsa waliketi ndani juu ya mkeka, pazia likiwatenga. Mwanamvua alikuwa chumba cha nyuma amevaa gauni jipya. Mimi nilipewa sahani ya mahamri niyapitishe, kwa hiyo nilikuwa pande zote mbili za pazia.

"Tumekuja kuomba tuwe jamaa," alisema Mzee Salim. "Mimi sioni tofauti ya watu. Kijana amempenda binti, na nyumba hii tunaijua kwa uaminifu."

"Jamaa tumekuwa zamani, Mzee," Baba akajibu, na kwa mara ya kwanza nilimwona Baba ana haya. "Hii ni kukaza fundo tu."

Ustadhi akainua mikono kusoma fatiha. Na Mama, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti mbele ya wanaume, akasema kutoka nyuma ya pazia:

"Msisome."

Ustadhi akashusha mikono. "Sema, bibi. Tunakusikia."

"Huyo kijana ni mwanangu. Nimemnyonyesha. Yeye na Mwanamvua wamenyonya pamoja, ni kaka na dada. Haiwezekani."

Baba aligeuka akatazama pazia kana kwamba angeweza kuona ng'ambo yake. "Umemnyonyesha lini? Mbona mimi sijui?"

"Ulikuwa Lunga Lunga ukipakia malori. Mwanamvua alikuwa mchanga." Akasimulia. Bi Shamsa aliletwa kwenye nyumba yake ya ufuoni kupumzika baada ya kujifungua, na ugonjwa wake haukuwa wa mwili. Kila akiletewa mtoto aligeukia ukutani. Mtoto alikataa chupa. Alilia mpaka kilio chake kikawa chembamba. "Nilimchukua kwa sababu alikuwa analia," alisema Mama. "Sikufikiri lolote jingine. Nikamnyonyesha siku ile, na kesho yake, na masika yote mpaka mvua zikaisha. Yeye alipenda titi la kulia, Mwanamvua la kushoto. Wakizoea hivyo huwabadilishi. Bi Shamsa alipopona akaniapisha nisiseme kwa mtu, maana wakwe zake wangesema mjukuu wao amelelewa na maziwa ya mtumishi. Niliapa. Leo ninavunja, na Mungu ananiona."

Nilikuwa nimeshika sahani, na Bi Shamsa alikuwa karibu nami kiasi cha kunusa udi wake. Alikuwa akizungusha pete kidoleni.

"Shamsa," akaita Mzee Salim. "Wayasikia haya?"

"Nasikia."

"Mimi niliambiwa anakunywa maziwa ya kopo. Ni kweli anayoyasema?"

"Nilikuwa mgonjwa," akasema Bi Shamsa. "Sikumbuki kitu."

Hapo ndipo Mwanamvua alipotoka chumbani. Hakuwatazama wageni. Alimtazama Mama.

"Ni uongo," akasema. "Anaogopa kazi yake. Bi Shamsa alimwambia azuie, na yeye anazuia. Mtoto huyu amesikia kwa masikio yake. Mama, unazua jambo kama hili kwa ajili ya jiko la watu?"

Ustadhi akasema taratibu kwamba kunyonya ni jambo zito, na neno la mtu mmoja bila shahidi linatia shaka lakini halimalizi, na kama mama wa kijana hakumbuki, basi pengine waulizwe wanazuoni wa Mombasa. Uso wa dada yangu ukafunguka. Mzee Salim naye alianza kutikisa kichwa kukubali. Mambo yalikuwa yanakwenda upande wa Mwanamvua, na mimi niliyempenda nilitaka yaende. Lakini kulikuwa na kitu kilichokuwa kimenikaa moyoni tangu Agosti, na nilipoona wakubwa wanatafuta shahidi nilidhani swali langu nalo limepata nafasi.

"Ndiyo maana Mama hajifuniki mbele ya Kaka Anwar?" nikauliza.

Mzee Salim aliweka kikombe chake chini polepole sana. Alikuwa mtu wa kukohoa mlangoni. Miaka yote alikuwa amemwona Mama akivuta leso kwa ajili yake, na mwanawe mwenye ndevu ameketi palepale mezani na Mama hakuwa amevuta kitu mpaka yeye Mzee alipoingia.

"Wallahi, mtoto asema kweli," akasema. "Nimeliona kwa macho yangu. Nilidhani ni mazoea tu."

"Tangu abaleghe sijamficha kichwa changu," Mama akasema. "Mtu hujifunika kwa mwanawe?"

Ustadhi hakuuliza tena. Mwanamke aliyejifunika kwa muuza samaki hangeweza kuzua ushahidi wa miaka yote ile kabla ya posa. Bi Shamsa akainuka, akatafuta viatu vyake mlangoni, akavaa vya Mama kwa kuchanganyikiwa, akavivua, akavaa vyake. Mwanamvua hakulia. Alichukua ndoo akaenda kisimani na gauni lake jipya mwilini, na wanawake waliokuwa wanafagia nje wakampisha.

Yaliyofuata yalikuwa mazito kwa kila mtu. Nyumba ya Bi Shamsa ilipewa mtunzaji mwingine, na Mama akaanza kuuza viazi karai kama mama za wenzangu. Baba hakukasirikia maziwa. Alikasirika kwamba hakuulizwa. "Yalikuwa ya mwanangu," alisema, "na mimi nilikuwa hai." Akahamia kwa ndugu yake mpaka Ramadhani, ndipo akarudi, akaomba futari. Mama alifunga kafara ya kiapo alichokivunja. Mimi nikimwona hali mchana nilidhani amesusa chakula kwa hasira, nikamfichia mahamri chini ya mto wake, na alipoyakuta alinikumbatia akalia sana.

Anwar alikuja kabla ya likizo kwisha. Alisimama mlangoni kwetu bila kuingia, macho yamemvimba. Mama alikuwa uani anakaanga, leso kiunoni. Hakuipandisha.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Akaingia akala. Mwanamvua alikuwa akichambua mchele. Akasimama, akachukua mtandio kutoka kamba ya nguo, akajifunika mpaka kwenye nyusi, akaketi tena akaendelea kuchambua. Anwar aliona. Akatafuna chakula chake akitazama chini.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu siku hiyo. Mwanamvua aliolewa na mwalimu wa Msambweni, mtu mzuri, wakapata watoto. Anwar alioa Nairobi. Kila mwaka alikuja kumwona Mama, na ua wenye bwawa hakuusogelea tena. Alimletea dawa za presha, akaketi jikoni, akafunua sufuria kama zamani. Aliwahi kuniambia kwamba mama yake hajakiri wala hajakana mpaka leo, humwambia tu asimuulize. Na kila Mwanamvua alipokutwa pale, Anwar akipiga hodi, mtandio ulipanda. Mbele yangu mimi na Mama, tuliokaa vichwa wazi, dada yangu alijifunika kwa Anwar kama anavyojifunika kwa mgeni kutoka mbali. Niliwahi kumuuliza mpaka lini.

"Nikijifunua mbele yake," alinijibu, "nitakuwa nimekubali."

Mama aliyaona yale yote. Hakumgombeza hata mara moja. Alimpakulia kila mmoja sahani yake, akaketi kati yao, na nilijua inamuua kidogo kidogo.

Juzi tulipompigia simu Anwar, alipata ndege ya kwanza ya Ukunda, akafika jeneza likiwa bado uani. Sisi wanawake hatuendi makaburini. Niliyoyajua niliambiwa na mume wangu. Ustadhi, yuleyule, sasa mzee wa fimbo, aliita maharimu wa marehemu, wanaume wa ile orodha yangu ya madrasani, washuke kaburini kumpokea. Baba alikuwa ameshatangulia, na Mama hakuzaa mtoto wa kiume aliyeishi. Mjomba alishuka, na mtoto wake akashuka. Mtu mmoja alihitajika zaidi. Anwar alikuwa ameshavua viatu. Watu wa kijiji waliokuwa wakifagia siku ile ya posa walikuwepo, au watoto wao, na hakuna aliyemuuliza yeye ni nani. Wakampisha akaingia.

Walipotoka mazikoni walikuja kutoa mkono wa pole. Sisi tulikuwa tumeketi uani juu ya mikeka, wengine leso zimewateleza kwa uchovu wa kulia. Sauti za wanaume zilipokaribia, kila mkono uliinuka kutafuta nguo ya kichwani. Wangu pia, kwa mazoea, kabla sijakumbuka ni nani anayeingia mbele.

Anwar alisimama penye mlango wa ua, kanzu yake imejaa udongo mwekundu mpaka viwikoni. Nikamtazama Mwanamvua. Leso yake ilikuwa mabegani. Mkono wake uliinuka pamoja na ya wengine, ukafika shingoni, ukakaa pale. Halafu akaurudisha mapajani. Nywele zake zina mvi sasa, kama za Mama. Anwar aliziona, na midomo ikaanza kumtetemeka kama ya mtoto.

"Kaka," akasema Mwanamvua. "Umemlaza vizuri?"

"Nimemlaza, dada," akajibu. "Kwa ubavu wa kulia."